Kuunganisha Kompyuta za Nyumba Mbili kwa Mawimbi

Ofisi nyingi za vyama vya ushirika, na shule na zahanati pia, siku hizi zina intaneti, lakini mara nyingi intaneti hiyo huishia katika nyumba moja tu. Tuseme chama cha wakulima hapa Ruiri kina ofisi karibu na barabara, na nyumba ya kupozea maziwa iko mita 600 kutoka hapo. Mpimaji huandika kilo katika daftari asubuhi, daftari huletwa ofisini jioni, na karani hunakili tarakimu upya katika kompyuta. Mwisho wa mwezi mwanachama analalamika ya kwamba kilo zake zimepungua. Huenda hakuna aliyeiba: ni 6 iliyosomwa kuwa 0. Lakini mwanachama aliyeamka saa kumi ya usiku kukamua hawezi kuridhika na maneno hayo.

Dawa yake ni mpimaji aandike mara moja katika kompyuta ile ile ya ofisini, akiwa huko huko kwenye mzani. Basi, nyumba hizo mbili zitaunganishwaje? Waya wa kawaida wa kompyuta haufai kupita mita 100. Kebo ya nyuzi za kioo hufika mbali sana, lakini yataka mtaro upite katika mashamba ya watu, na siku moja jembe litaikata. Kwa sababu hii wengi huchagua daraja la mawimbi.

Daraja hili ni masanduku mawili madogo, kila moja na antena yake, yanayowekwa juu ya nyumba hizo mbili yakitazamana. Habari huingia katika sanduku la kwanza kwa waya, huvuka hewani kwa mawimbi ya redio, na hutoka katika sanduku la pili kwa waya. Wai-fai ya ofisini ni kama taa ya chemni, ambayo huangaza pande zote lakini haifiki mbali. Daraja ni kama kurunzi: nguvu yote yaelekezwa upande mmoja. Fahamu pia ya kwamba daraja haliumbi intaneti. Kama intaneti ya ofisini ni ya polepole, huko ng'ambo nako itakuwa ya polepole. Hata hivyo, kazi za kompyuta kwa kompyuta ndani ya chama zitaendelea hata intaneti ya nje ikikatika.

Miti ndiyo adui

Masanduku mengi ya namna hii hutumia masafa ya gigahezi 5, na mawimbi yake yana urefu wa sentimita 5 au 6 tu. Mawimbi mafupi hivyo hayapindi kwa urahisi kuzunguka kizuizi, na majani yenye maji huyameza. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja, panda juu ya paa moja ulitazame la pili. Kama hulioni, usinunue.

Wala kuliona hakutoshi. Mawimbi hayapiti katika mstari mwembamba kama uzi, bali yahitaji nafasi iliyo na umbo la kiazi kitamu, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa mita 600 nafasi hiyo, katikati ya njia, ni karibu mita 3 kila upande wa mstari. Kwa kilometa 2 ni mita 5. Sehemu kidogo ya pembeni ikizibwa si neno, lakini yafaa mita 2 zinazouzunguka mstari huo katika mfano wetu ziwe wazi kabisa. Watu wengi huona paa la pili kati ya matawi mawili, wakafurahi, wakanunua, kisha wakamlaumu mwenye duka.

Tena miti hukua. Mgrivilea mchanga, penye udongo mzuri na mvua ya kutosha, waweza kuongezeka mita 2 kwa mwaka katika miaka yake ya kwanza. Leo vilele vyake viko mita 3 chini ya mstari wako. Baada ya miaka miwili viko ndani yake. Mikaratusi ni mibaya zaidi. Si haki kumwambia jirani akate miti yake kwa ajili ya kompyuta zenu. Inueni mlingoti, au tafuteni nyumba ya tatu inayoonekana kutoka kwa zote mbili, muweke daraja la kwanza hadi hapo na la pili kutoka hapo.

Yako masafa yanayopenya miti vizuri zaidi, nayo ni yale ya televisheni. Upande wa pili wa Mlima Kenya, karibu na Nanyuki, mpango wa Mawingu ulianza mwaka 2013 kutumia nafasi tupu kati ya vituo vya televisheni. Mpango huo ulikuwa wa kampuni ya Microsoft na wenzake pamoja na Serikali, nao ulifikisha intaneti katika zahanati ya Burguret na shule za sehemu zile, mitambo ikiendeshwa kwa nguvu ya jua. Lakini masafa hayo yataka idhini maalum. Chama kisijaribu chenyewe.

Mlingoti na umeme

Mlingoti uwe imara, maana upepo ukiusogeza kidogo tu antena zitaacha kutazamana. Tumia kebo iliyotengenezwa kwa kukaa nje juani, na kabla haijaingia ukutani iache ining'inie kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuifuata mpaka ndani. Waya mnene wa shaba utoke kwenye mlingoti hadi kwenye nondo iliyopigwa ardhini, na nondo hiyo iunganishwe na waya wa ardhi wa nyumba. Kazi hii ya kinga ya radi afanye fundi wa umeme mwenye leseni.

Sanduku moja hula umeme kidogo, yapata wati 8, unaopanda kwa kebo ile ile ya habari. Kwa siku nzima ni karibu wati-saa 200. Pasipo na umeme wa kuaminika, betri ya volti 12 ya ampea-saa 50, ikitumika nusu tu, italiendesha kwa siku moja na nusu bila jua. Ncha moja ikizimika, daraja zima limekufa, hata kama ya pili inawaka.

Nunueni vyombo vilivyokubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kuunganisha nyumba zenu wenyewe ni jambo moja. Kuwauzia majirani intaneti ni biashara inayohitaji leseni. Badilisheni pia neno la siri lililotoka kiwandani siku ile ile ya kwanza, kwa maana malipo ya wanachama yatapita hewani.

Jaribuni masanduku mezani kwanza, kabla ya mtu kupanda juu. Yakiisha kufungwa, fundi azungushe antena polepole huku mwenzake akisoma nguvu ya mawimbi katika kompyuta. Tarakimu hizo huandikwa kwa alama ya kutoa: hasi 55 ni nzuri, hasi 75 ni dhaifu. Andikeni tarakimu ya siku hiyo ukutani kwa rangi. Kila inapoteremka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Hivyo kutoka hasi 55 hadi hasi 70 imebaki sehemu moja tu katika 32. Mkiona hivyo, msimwite fundi kwanza. Pandeni juu ya paa mtazame miti.