Mashini za muziki nyumbani: umeme unaporudi ndipo hasara inaanza

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mashini ya muziki ni mali ya jamaa nzima. Mara nyingi inanunuliwa kidogo kidogo: mwaka huu ampli, mwaka ujao bafle mbili, kisha mashini ya diski iliyofika kutoka ng'ambo ndani ya kontena. Inawekwa kwenye saloni, inafunikwa kitambaa, na inafunguliwa siku ya Mungu nyuma ya ibada, siku ya ndoa ama siku mgeni wa heshima anapofika. Ikiungua, nyumba nzima inapata hasara.

Wapenzi wa muziki wa Bukavu, Goma ama Uvira wanapokutana, mazungumzo yanaanza na majivuno: nani ana bafle za mbao nzito, nani alipata ampli ya Kijapani ya miaka ya 1970. Hayakawii kugeuka hesabu ya vilivyoungua. Ukisikiliza vizuri, visa hivyo vinafanana. Vichache ndivyo vinatokana na uzee wa mashini. Vingi vinatokana na umeme, na haraka, na aibu ya kuuliza.

Dakika za kwanza ni za hatari

Kisa cha kwanza kila mtu anakijua. Umeme unakatika wakati muziki unacheza. Watu wanawasha taa ya batri, wanakula, wanalala, na ampli inabaki imefunguliwa. Usiku umeme unarudi, na katika dakika za kwanza nguvu yake haijatulia: inaweza kushuka sana, kisha kupanda kupita volti 220 ambazo mashini inangojea. Asubuhi kuna harufu ya kuungua ndani ya saloni.

Dawa yake haiombi franka hata moja: chomoa mashini kwenye prizi mara umeme unapokatika, na ukirudi ngojea dakika kadhaa mbele ya kuirudisha. Stabilizateri inasaidia, lakini lazima uwezo wake upite jumla ya mashini zote inazobeba. Ukiipa ampli, televizyo na friji pamoja, inaweza kuungua yenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni fyuzi. Ikikatika, wengine wanaweka kipande cha waya ama karatasi ya kung'aa ya ndani ya paketi ya sigara, na muziki unaendelea. Lakini fyuzi ilikatika kwa sababu kuna kasoro ndani. Waya hautakatika, utaacha umeme upite mpaka transfo ishike moto. Katika mitaa ambako nyumba za mbao zimesongamana, moto wa saloni moja haubaki katika saloni hiyo.

Mashini ya Marekani inayoimba pole pole

Kisa cha pili ni cha mashini za okazyo. Zile za Ulaya zimetengenezwa kwa volti 220 ama 230, hazina shida. Zile za Marekani zinaomba volti 120, na zile za Japani zinaomba volti 100. Ukiziingiza moja kwa moja kwenye prizi yetu, mara nyingi haziishi hata dakika moja. Mbele ya kulipa, geuza mashini na usome maandishi ya nyuma. Ikiwa ni ya volti 120 ama 100, itahitaji transfo ya kushusha.

Hata kwa transfo kuna mtego. Umeme wa Marekani unatetemeka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na transfo haibadilishi hilo. Mashini nyingi za zamani za diski zina mota inayofuata mwendo huo. Hapo diski ya 33 inazunguka karibu mara 28 kwa dakika, na mwimbaji wa rumba anatoka na sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mara nyingi fundi anaweza kubadilisha puli ya mota.

Wati za kwenye katoni

Kisa cha tatu ni cha namba. Katoni inaandikwa wati 5000, PMPO, na mnunuzi anafurahi. Lakini nyuma ya mashini ileile imeandikwa kwamba inakula wati 60. Mashini haiwezi kutoa kwa muda mrefu nguvu kupita ile inayoingia. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS.

Tena, kutoka wati 50 kufika 100 sauti inaongezeka desibeli 3 tu, yaani kidogo. Anayesukuma ampli ndogo mpaka mwisho ili kushinda jirani ndiye anayepoteza twita, kwani sauti ikianza kukwaruza inatuma nguvu nyingi kwenye bafle hizo ndogo za juu. Ukisikia mkwaruzo, teremsha.

Wengine wanaongeza bafle. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja zinakuwa omu 4, na ampli ya omu 8 inachemka. Na kama besi imepotea ingawa bafle zote mbili zinacheza, angalia nyuzi kwanza: huenda moja imefungwa kinyume, nyekundu mahali pa nyeusi.

Diski za wazee

Mambo haya yanagusa kupita furaha ya jioni. Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika. Sehemu ya urithi huo iko chini ya vitanda: diski 78 za Ngoma, Opika na Loningisa, na zile za 33 za Franco na TP OK Jazz, kama "Mario" ya 1985.

Diski 78 zina mifereji mipana. Zinaomba sindano yao. Sindano ya 33 inazama chini ya mfereji, inatoa kelele na kuharibika. Na sindano iliyochakaa inalima diski yoyote: kinachotoka hakirudi tena. Unyevu nao unaleta ukungu, basi diski zisimame wima, pahali pakavu, mbali na jua.

Ampli ikiungua, fundi anaweza kuifufua. Bafle ikipasuka, itapatikana nyingine sokoni. Lakini diski iliyolimwa na sindano mbovu inaweza kuwa ndiyo ya mwisho mtaani, na kubadilisha sindano kwa wakati ni rahisi kuliko kuitafuta diski ya pili.