Kiti Chako, Kiti Changu

Wafalme na malkia wana ukumbi maalumu wa kuonyesha nani anakaa wapi. Wewe na mwenzako je?

Hebu itazame sebule yako. Kuna lile kochi ambalo mgeni akitaka kulikalia, mtoto anamwahi: "Hapo anakaaga baba!" Si ndiyo? Hakuna aliyeandika sheria, lakini nyumba nzima inajua.

Wafalme nao wana sebule ya namna hiyo, ila yao imejengwa makusudi ili dunia nzima ijue nani ni nani. Ni ukumbi wa kiti cha enzi. Mimi ni mpenzi mkubwa wa sherehe za kifalme, na kwa kweli dhahabu na mazulia siku hizi hayanibabaishi. Ninachoangalia kwanza ni viti. Viko vingapi? Mwenza wa mtawala anakaa wapi? Juu, chini, au amebaki nje ya mlango?

Usidhani hayo ni mambo ya ikulu za ng'ambo tu. Rafiki yangu mmoja ni mwalimu, na mkewe ni meneja kwenye kampuni kubwa. Kila hafla ya ofisi ya mkewe, mama anaitwa meza kuu, baba anatafutiwa kiti huko nyuma, na hakuna anayemtambulisha. Siku hizi haendi tena. Anasema ana kazi za kusahihisha. Mwenzangu, mimi sikuamini hizo kazi hata kidogo.

London: viti viwili, cheo kimoja

Twende kwanza Kasri la Buckingham. Ukumbi wa enzi wa pale ulibuniwa na msanifu John Nash kwa ajili ya Mfalme George IV. Kuta ni nyekundu, kuna jukwaa la ngazi, na mbele ya jukwaa kuna tao lenye sanamu za wanawake wenye mabawa walioshika mashada. Ukiutazama unafikiri pazia linakaribia kufunguliwa, mchezo uanze. Humo watawala wamepokea salamu rasmi na kufanya tafrija za baraza. Humo pia ndimo zilimopigwa picha rasmi za harusi ambazo wengi wetu tunazijua: Elizabeth na Philip mwaka 1947, Charles na Diana mwaka 1981, William na Kate mwaka 2011.

Miaka mingi ya utawala wa Elizabeth II, jukwaani palikuwa na viti viwili vyekundu. Kimoja kilidariziwa herufi za Malkia, EIIR. Cha pili kilikuwa na herufi moja tu: P, yaani Philip. Ukivitazama viti hivyo ungedhani ni watu wa cheo sawa, kumbe sivyo. Philip hakuwa mfalme hata siku moja. Siku mkewe alipotawazwa katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 2 Juni 1953, alipiga magoti mbele yake na kuapa kumtumikia. Huyu ni mwanamume aliyekuwa afisa wa jeshi la maji, aliyeiacha kazi aliyoipenda kwa sababu mkewe amekuwa Malkia.

Wangapi kati yetu tungeweza? Lakini ndoa yao ilidumu miaka zaidi ya 73, hadi Philip alipofariki Aprili 2021. Na mwaka 1997, walipotimiza miaka 50 ya ndoa, Malkia alisema hadharani kwamba mumewe ndiye aliyekuwa nguvu na tegemeo lake muda wote huo. Hakuyaacha maneno hayo chumbani. Aliyasema mbele ya wageni.

Tokyo: mlango uliofungwa

Sasa vuka bahari hadi Japani. Katika Kasri la Kifalme la Tokyo kuna ukumbi uitwao Matsu no Ma, yaani Ukumbi wa Msonobari. Ndimo waziri mkuu anamoteuliwa rasmi, na ndimo mabalozi wapya, wakiwemo wa nchi zetu, wanamowasilisha hati zao.

Tarehe 1 Mei 2019, Naruhito alipokea humo alama takatifu za ufalme. Sherehe hiyo ilichukua dakika chache tu. Mkewe, Masako, hakuwemo. Kwa utaratibu wao, wanawake wa familia ya kifalme hawahudhurii. Cha ajabu, mwanamke mmoja alikuwemo: Satsuki Katayama, aliyeingia kwa sababu alikuwa waziri. Yaani waziri anaona, mke wa mwenye sherehe haoni! Masako aliingia kwenye hafla ya pili asubuhi hiyohiyo, mumewe alipotoa hotuba yake ya kwanza.

Oktoba 22 mwaka huohuo ikaja sherehe kubwa ya kutangaza utawala, mbele ya wageni kutoka nchi zaidi ya 180. Ukumbini vilisimamishwa vibanda viwili vya enzi ambavyo kawaida hutunzwa Kyoto. Vilifunguliwa vipande vipande na kuletwa Tokyo kwa malori. Cha Kaizari, Takamikura, kina urefu wa meta 6.5. Cha mkewe, Michodai, meta 5.7. Mapazia yakafunguliwa kwa pamoja, na Masako akaonekana amesimama ndani ya mavazi ya tabaka nyingi, kwenye kibanda kifupi kwa sentimeta 80 kuliko cha mumewe.

Unaweza kuzikasirikia hizo sentimeta 80. Mimi nilifikiria zaidi safari iliyomfikisha pale. Masako alisoma Harvard, akawa mwanadiplomasia, akaolewa mwaka 1993. Walipata mtoto mmoja, Aiko, mwaka 2001, na kwa sheria ya Japani msichana harithi kiti. Presha ya kuzaa mtoto wa kiume ilikuwa kubwa, si unajua tena maneno ya watu. Masako akaugua, akajiondoa kwenye shughuli nyingi za hadhara.

Mwaka 2004 Naruhito akawaambia waandishi wa habari kwamba kulikuwa na mambo yaliyofanyika kuukana utu wa mkewe na kazi aliyokuwa ameifanya kabla ya ndoa. Kule mwanamfalme hasemi hivyo. Yeye alisema. Miaka 15 baadaye mkewe akasimama kwenye Michodai.

Aliyekuwemo chumbani

Linganisha na London, tarehe 10 Septemba 2022. Charles alikula kiapo katika ukumbi wa enzi wa Kasri la St James's, na kwa mara ya kwanza shughuli hiyo ikaonyeshwa kwenye televisheni. Camilla alikuwemo, na akatia saini kama shahidi, pamoja na William. Cheo ni cha Charles peke yake, lakini jina la mkewe limo kwenye karatasi.

Kwangu mimi hapo ndipo penye somo. Katika nyumba nyingi mmoja atakuwa na mshahara mnono zaidi, au cheo, au jina. Hilo lisikunyime usingizi. Jiulize mambo mawili tu. La kwanza: siku yako kubwa ikifika, mwenzako yumo chumbani? Kama mwaliko una nafasi yake, uliza mapema anakaa wapi, usingoje kufika ukumbini. Mshereheshaji akimsahau, wewe una mdomo: "Huyu ndiye mume wangu, ni mwalimu, na bila yeye nisingefika hapa." Sekunde tano tu, bwana.

La pili: watu wakimsema, wewe unasema nini? Mama mkwe akiuliza kwa mara ya kumi mjukuu yuko wapi, mashemeji wakicheka kazi yake, ukinyamaza umeshajibu. Kumbembeleza usiku chumbani ni vizuri, lakini aliyeaibishwa sebuleni anataka kutetewa sebuleni.

Mwezi huu mkialikwa mahali, nenda na mwenzako. Akipewa kiti cha nyuma na wewe cha mbele, nyanyuka ukamchukue.