Kanali Aliyepigana kwa Maneno

Watu wengi wanapotaja vita hufikiri habari za mizinga na eropleni. Ni wachache wanaofikiri ya kwamba maneno manne yaliyochaguliwa vema yaweza kumtoa adui vitani bila kumwaga damu. Jambo hilo lilifanywa katika vita vya Korea na Paul Linebarger, Mmarekani aliyekuwa profesa wa elimu ya siasa na ofisa katika jeshi la akiba.

Linebarger alizaliwa mjini Milwaukee tarehe 11 Julai, 1913. Baba yake aliwahi kuwa hakimu katika visiwa vya Ufilipino, kisha akawa mshauri wa Sun Yat-sen, kiongozi mkuu wa Wachina walioundoa ufalme wao wa kale. Urafiki wa wazee hao ulikuwa mkubwa hata Sun Yat-sen akawa baba wa ubatizo wa mtoto, naye akapewa jina la Kichina. Alipokuwa na umri wa miaka sita aliumia jicho la kulia, likapotea, akawekewa la kioo. Hata hivyo hakuacha kusoma. Alijifunza lugha sita, na alipokuwa na miaka 23 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Duke.

Vita Kuu ya Pili ilipotokea aliingia jeshini, na mwaka 1943 akapelekwa China kufanya kazi ya upelelezi wa kijeshi. Vita vilipokwisha alirudi kufundisha, safari hii mjini Washington, akiwa profesa wa siasa za Asia. Mwaka 1948 alitoa kitabu kuhusu namna ya kuishinda nia ya adui kwa habari na maneno. Lakini hakuuvua uaskari kabisa, kwani katika jeshi la akiba alipanda mpaka cheo cha kanali.

Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, aliitwa awe mshauri wa Jeshi la Nane la Marekani. Huko alikuta shida moja. Askari wa Kichina waliozingirwa waliona ni fedheha kuu kuweka silaha chini, nao walikuwa tayari kufa kuliko kutamka neno la kushindwa. Linebarger, aliyewajua Wachina tangu utoto, aliandika karatasi za kuwashauri wapige kelele maneno manne ya lugha yao wenyewe: upendo, wajibu, utu na wema. Maneno hayo, yakitamkwa kwa taratibu hiyo, katika sikio la Mmarekani husikika kama "I surrender," yaani, "nasalimu amri." Hivyo askari aliweza kuokoa maisha yake huku akitaja mambo ya heshima tu, na yule mwenye bunduki akamwelewa.

Linebarger alitunga pia hadithi za kubuni kwa jina la Cordwainer Smith, ambazo zingali zikisomwa. Alifariki tarehe 6 Agosti, 1966, akazikwa katika makaburi ya mashujaa ya Arlington. Katika kazi zake zote, aliihesabu ile karatasi ya Korea kuwa ndiyo iliyofaa kupita zote. Aliweza kuiandika kwa sababu alijua lugha ya adui, na alijua pia adui anaona haya kwa jambo gani.