Mkanda Hauna Macho

Mtu apitaye mitaa ya Birere hapa Goma wakati wa asubuhi hana haja ya kuuliza kinu kiko wapi. Masikio yake yamekwisha kumwambia. Akina mama wamepanga mabeseni ya mahindi na mihogo mikavu, watoto wametumwa kushika zamu, na ndani ya chumba cheupe kwa unga mashine ya mazutu inanguruma pembeni. Vinu vingine siku hizi huendeshwa kwa umeme, lakini sehemu moja haikubadilika: kutoka mashine hadi kinu unapita mkanda mrefu wa mpira, wenye kukimbia upesi hata jicho haliwezi kuufuata. Watoto husimama karibu nao kama wasimamavyo karibu na mlango wa nyumba yao.

Mkanda huo ndio niutakao leo, maana una ukoo mrefu, na wanafunzi wangu hustaajabu ninapowaeleza ulikotoka.

Kabla ya kila mashine kupata mota yake ya umeme, karakana nzima ilitegemea moto mmoja. Fikirini nyumba ndefu ya mafundi wa chuma katika Uingereza au Marekani, miaka mia moja na hamsini iliyopita. Ndani yake mna makerezo ya kukerezea vyuma, keekee za kutobolea, mashine za kuparuza na za kukata. Hakuna hata moja yenye nguvu yake yenyewe. Juu, chini ya dari, imelazwa shafti ndefu ya chuma toka ukuta hata ukuta, nayo inazunguka mchana kutwa. Juu ya shafti hiyo yamefungwa magurudumu mengi, na kutoka kila gurudumu unashuka mkanda wa ngozi mpaka kwenye mashine ya fundi mmoja.

Na shafti yenyewe yazungushwa na nini? Katika chumba cha pembeni limo bwela, yaani pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji. Mvuke wake huingia katika silinda na kuisukuma pistoni huku na huku, nayo pistoni hulizungusha gurudumu zito sana, ambalo kazi yake ni kuufanya mwendo uwe sawa, usiwe wa kushtuka-shtuka.

Basi mtu wa kwanza kufika kazini hakuwa bwana mkubwa wala fundi hodari, bali mpiga moto. Alikuja kungali giza, akatazama kwanza kioo cha maji kujua kama bwela lina maji ya kutosha, ndipo akawasha. Hakuuharakisha moto, kwa kuwa chuma kikipashwa ghafula hutanuka vibaya na viungo vyake huvuja. Mvuke ulipopata nguvu, alizunguka na kopo la mafuta, akitia tone hapa na tone pale, kila mahali palipo na msuguano. Mafundi walipoingia, shafti ilikuwa imekwisha kuanza kuzunguka taratibu, na mikanda inapiga kofi kidogo kidogo.

Pengine mwanafunzi atauliza: ikiwa shafti haisimami, fundi husimamishaje mashine yake peke yake? Jibu ni zuri kwa wepesi wake. Mkanda uliposhuka ulikutana na magurudumu mawili yaliyo bega kwa bega. Moja limefungwa imara kwenye mhimili wa mashine, la pili limelegea na huzunguka bure. Fundi alikuwa na uma wa mti. Akiusukuma mkanda kwenye gurudumu lililofungwa, mashine hufanya kazi. Akiusukuma kwenye lile la bure, mashine hulala ingawa mkanda ungali mbioni. Akitaka mashine izunguke kinyume, mkanda hupishanishwa katikati mfano wa namba 8.

Mwendo nao ulipimwa kwa hesabu ya darasa la tano. Gurudumu la juu lenye upana wa sentimeta 60, likizunguka mara 200 kwa dakika, litalizungusha gurudumu la chini lenye sentimeta 20 mara 600. Tena kuna jambo moja linalonipendeza kuliko yote: uso wa gurudumu haukuwa bapa kabisa, ulivimba kidogo katikati. Mtu angedhani mkanda utateleza kando na kuanguka. Kumbe sivyo! Mkanda hupanda wenyewe mahali palipoinuka zaidi na kubaki hapo. Atakayeshuku ajaribu kwa mpira na vijiti viwili.

Karakana za namna hiyo zilibadilisha maisha ya watu. Kule Portsmouth, Uingereza, jeshi la majini lilihitaji kapi zipatazo laki moja kila mwaka kwa ajili ya merikebu zake za matanga. Bwana Marc Brunel, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya nchi yake, alibuni mashine za kuzichonga, na fundi Henry Maudslay akazitengeneza. Kabla ya mwaka 1808 kwisha, mashine hizo zilizoendeshwa kwa mvuke na mikanda ziliwawezesha watu 10 kufanya kazi ya watu 110. Furaha iliyoje kwa wakubwa wa merikebu! Juu ya wale 100 waliobaki, wanaoandika historia ya ufundi husema machache mno.

Wala hasara haikuwa ya kazi tu. Bwela linataka macho saa zote. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa wazi hutaka nafasi ya lita 1,700 hivi. Ikifungiwa ndani ya chuma hutafuta njia ya kutokea. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, Marekani, bwela la zamani la kiwanda cha viatu lilipasuka, likapaa kupitia paa la jengo, na kiwanda kikaanguka na kushika moto. Walikufa watu 58. Mwaka 1907 dola ya Massachusetts ikatunga sheria ya kuyapima mabwela. Sheria ilifika baada ya mazishi, kama ilivyo desturi ya sheria nyingi.

Lakini bwela lilipasuka mara chache. Mkanda ulijeruhi kila siku. Ulikamata mkono wa shati, ncha ya kitambaa, nywele za msichana. Ng'ombe akikukanyaga huhisi kitu chini ya kwato; mkanda hauhisi kitu. Nguvu iliyokusudiwa kuendesha mashine 20 haitambui kwamba sasa inavuta mkono wa mtu, na hata mpiga moto akifunga mvuke mara moja, lile gurudumu zito huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Ndiyo sababu sheria ya Uingereza ya mwaka 1844 iliamuru shafti na magurudumu yazungushiwe ua, ikakataza watoto kusafisha mashine inayotembea.

Baba Mtakatifu Leo XIII aliyajua hayo alipoandika barua yake Rerum Novarum mwaka 1891. Alisema wazi kwamba mtoto asitiwe karakanani kabla mwili na akili yake havijakomaa. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba amelichukua jina hilo hasa kwa sababu ya barua ile. Kabla ya hao wawili, Mtakatifu Yohane Bosco alikuwa ameanza kwa karatasi tu. Mwaka 1852, kule Torino, alitia sahihi pamoja na fundi seremala mkataba wa mvulana mwanagenzi: fundi amfundishe kazi, amrudi kwa maneno na si kwa fimbo, asimtumie kazi zisizo za ufundi, ampe mapumziko siku za sikukuu. Wanawe Wasalesiani walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa, mwaka 1911, na hapa kwetu Goma twawajua kwa shule ya ufundi ya ITIG na kituo cha Ngangi, kilichowapokea maelfu ya wakimbizi katika vita vya mwaka 2025.

Wako vijana walioniuliza: Mwalimu, umeme ukikatika kama ulivyokatika siku zile za Januari 2025, kwa nini tusirudie mvuke? Nawapenda kwa swali hilo, lakini jibu langu ni hapana. Mashine ndogo ya mvuke ni mlafi. Katika mizigo kumi ya kuni, zaidi ya tisa hupotea kwa joto na moshi bila kuzungusha kitu. Makala ya jikoni peke yake yamekwisha kuulia msitu wa Virunga sehemu kubwa. Karakana za mvuke zingeumaliza. Afadhali maji ya mto Rutshuru, ambayo tangu mwaka 2015 yanazungusha mashine za umeme kule Matebe. Moto wa kale na utazamwe katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, ambako wazee huuwasha kwa ajili ya wageni.

Mkanda, lakini, haukuingia makumbusho. Uko Birere, uko Majengo, uko sokoni. Mwaka juzi mvulana mmoja wa darasa langu alitumwa kusaga mahindi ya nyumbani. Palikuwa na baridi, alivaa sweta ya kaka yake yenye mikono mirefu. Alinyosha mkono kuokota kifuniko cha beseni kilichoanguka, si zaidi. Mwenye kinu aliruka kuzima mashine, nayo ikazunguka bado, kama nilivyoeleza. Mvulana alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume.

Nilikwenda kuzungumza na mwenye kinu huyo. Nilikwenda na hasira, na kumbe nilimkuta ameketi nje, kinu kimefungwa siku ya nne, mwenyewe hali chakula. Akaniuliza ua wa mkanda hutengenezwaje. Nikamchorea chini kwa kijiti: nguzo nne, mbao pande zote mbili, juu wavu wa chuma ili joto litoke, na mlango mdogo wenye komeo kwa siku ya kutia mafuta. Seremala anayetengeneza vyukudu jirani yake aliumaliza kwa siku moja, kwa vipande vya mbao vilivyobaki.

Mvulana sasa anaandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zinaanza kunyoka. Akitumwa kinuni hungoja nje. Vinu vingine vitatu katika mtaa ule havina ua bado.