Taarifa za Wateja Zisiuzwe Pamoja na Kompyuta Chakavu

Mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa tarehe 30 Juni, taasisi nyingi za umma na za binafsi huhakiki mali zao, hununua vifaa vipya na kuondosha vilivyochakaa. Miongoni mwa vinavyoondoshwa ni kompyuta, seva, simu za ofisi na mashine za kudurufu. Kompyuta iliyotumika miaka sita kwenye dawati la mikopo la chama cha akiba na mikopo huuzwa kwa mnada kwa bei ya kutupa, fundi huiwekea programu mpya, na baada ya wiki mbili imo dukani ikisubiri mnunuzi. Namba za vitambulisho vya wakopaji, picha zao, mishahara yao na majina ya wadhamini wao huenda zikawa bado zimo ndani.

Suala hilo haliwahusu wataalamu wa TEHAMA peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sura ya 44, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa kuzilinda na kutozihifadhi kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye jukumu la kusimamia sheria hiyo, ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Mwananchi aliyetoa nakala ya kitambulisho chake ili apatiwe mkopo hakuitoa ili isomwe na atakayenunua kompyuta ya mkopeshaji.

Chanzo cha tatizo ni dhana kwamba kilichofutwa kimetoweka. Kompyuta huhifadhi taarifa kwa namna inayofanana na masjala: yapo majalada rafuni, na ipo rejista inayoonesha kila jalada limewekwa wapi. Mtumishi anapotoa amri ya kufuta, kwa kawaida kinachofanyika ni kukata mstari kwenye rejista. Jalada hubaki rafuni hadi nafasi yake itakapotwaliwa na jalada jingine. Hata kufomati diski kwa njia ya haraka ni sawa na kufungua rejista mpya iliyo tupu huku rafu zikiwa zimejaa. Programu za kurejesha mafaili, nyingine zikipatikana bila malipo, hazihitaji rejista. Hupita rafu hadi rafu na kusoma kilichopo.

Ukubwa wa tatizo ulioneshwa na wanafunzi wawili wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walionunua diski 158 zilizokwisha kutumika na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Kati ya diski 129 zilizokuwa bado zinafanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta taarifa za matibabu, barua binafsi na maelfu ya namba za kadi za benki. Diski moja ilikuwa imetoka kwenye mashine ya kutolea fedha.

Funzo kubwa zaidi, hata hivyo, limetokana na taasisi iliyokuwa na fedha na wataalamu wa kutosha. Mwezi Septemba 2022, Kamisheni ya Masoko ya Dhamana na Mitaji ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni tanzu ya benki ya Morgan Stanley imekubali kulipa faini ya Dola za Marekani milioni 35 kutokana na kushindwa kulinda taarifa za wateja wapatao milioni 15. Kampuni hiyo ilikuwa imefunga vituo vyake vya kuhifadhia data na kuikabidhi kazi ya kuondosha maelfu ya diski na seva kampuni ya kuhamisha na kuhifadhi mizigo isiyokuwa na uzoefu wowote wa kuteketeza taarifa. Wahamisha mizigo wakaviuza vifaa hivyo kwa mtu wa tatu, na baadhi yake vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja ndani yake. Vilivyopatikana baadaye vilikuwa vichache. Sehemu kubwa haikurejea. Katika tukio jingine, seva 42 hazikujulikana zilipo. Vifaa hivyo vilikuwa na uwezo wa kusimba taarifa kwa njia fiche, lakini kwa miaka kadhaa hakuna aliyeuwasha. Kampuni ililipa bila kukiri wala kukana tuhuma. Mbele ya mdhibiti, hoja kwamba mzigo ulikwisha kukabidhiwa kwa mtu mwingine haikumwondolea mwenye taarifa wajibu wake.

Namna ya kusafisha kifaa hutegemea aina yake, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika kwa nia njema. Diski za zamani zenye sahani zinazozunguka husafishwa kwa kuandika juu yake upya, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa programu maalumu. Imani kwamba kazi hiyo lazima irudiwe mara 35 inatokana na makala ya mtaalamu Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyohusu teknolojia za wakati huo. Kwa diski za sasa za aina hiyo, mzunguko mmoja uliokamilika na kuhakikiwa unatosha.

Diski zisizo na sahani, zinazojulikana kama SSD, zina tabia tofauti. Ili zisichakae upande mmoja, zenyewe huamua taarifa iandikwe wapi, na huwa na maeneo ya akiba ambayo mtumiaji hayaoni. Kuandika upya juu yake kunaweza kuacha mabaki. Sumaku kali inayoharibu diski za sahani haina athari kwa SSD wala flashi, kwa kuwa taarifa zake hazihifadhiwi kwa usumaku. Njia sahihi ni kutumia amri ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji ndani ya diski yenyewe, au kusimba taarifa zote kwa njia fiche tangu siku ya kwanza na mwishoni kuharibu ufunguo. Kwa taasisi ndogo, njia hii ya pili ndiyo nafuu kuliko zote, nayo humlinda mwenye taarifa hata kompyuta ikiibwa. Flashi na kadi za kumbukumbu bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hatari, zisagwe.

Diski iliyoharibika na kukataa kuwaka haipaswi kuhesabiwa kuwa salama, kwani mtaalamu anaweza kuifufua. Hiyo nayo huvunjwavunjwa au kusagwa. Kuichoma moto uani si suluhisho: moshi wake una sumu, na mabaki ya vifaa vya kielektroniki ni taka hatarishi zinazopaswa kukabidhiwa kwa wakusanyaji wenye kibali.

Kifaa kinachosahaulika zaidi ni mashine ya kudurufu. Nyingi kati ya zile kubwa za ofisi zina diski inayoweza kuhifadhi picha za nyaraka zilizopita. Mwezi Agosti 2013, shirika la bima ya afya la Affinity Health Plan la New York lilikubali kulipa Dola 1,215,780 baada ya kurejesha mashine za kukodi bila kufuta diski zake. Taarifa za watu wapatao 344,579 huenda ziliathirika. Shirika hilo lilipata habari hizo kutoka kituo cha televisheni cha CBS, kilichokuwa kimenunua mojawapo ya mashine hizo. Jambo hilo lina uzito wake nchini, ambako mwananchi hudurufu kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja katika duka la vifaa vya ofisi lililo jirani. Mwenye mashine anayetaka kuiuza anapaswa kumuuliza fundi swali moja: je, ina diski?

Kabla ya kufuta chochote, taasisi ijiridhishe kwamba inaruhusiwa kufuta. Kumbukumbu za kodi zinapaswa kutunzwa kwa miaka mitano, na kumbukumbu za ofisi za umma haziteketezwi bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nakala rudufu nazo zikumbukwe, kwa kuwa faili lililofutwa kwenye kompyuta ya mhasibu linaweza kuwapo bado kwenye seva, kwenye simu yake na kwenye flashi iliyomo mtotoni mwa meza.

Taasisi inapokodi kampuni ya kuteketeza, mkataba uitaje kazi hiyo waziwazi badala ya kuihesabu kama usafirishaji. Kila diski iorodheshwe kwa namba yake ya kiwandani, kwa kuwa kompyuta moja inaweza kuwa na diski mbili. Ofisa wa taasisi ashuhudie makabidhiano na, inapowezekana, uteketezaji wenyewe. Kampuni itoe hati yenye namba zilezile, tarehe, njia iliyotumika na jina la aliyeifanya kazi. Hati hiyo hulinganishwa na orodha mstari kwa mstari kabla ya malipo ya mwisho. Orodha ikionesha diski 40 zilizotoka na hati ikionesha 39 zilizosagwa, malipo husimamishwa hadi diski ya 40 ipatikane.