Colorado Territory: filamu ya kauboi iliyofichwa na sifa za Bogart

Mwaka wa 1941, Raoul Walsh alitoa High Sierra, filamu ya jambazi anayetoka gerezani na kuombwa kufanya wizi wa mwisho. Humphrey Bogart ndiye aliyeipa umaarufu, na hadi leo inatajwa. Wachache wanajua kwamba mwaka wa 1949 Walsh huyohuyo alirudilia hadithi ileile: gari likawa farasi, hoteli ikawa treni, Joel McCrea akachukua nafasi ya Bogart. Ndiyo Colorado Territory, na kwa maoni yetu ndiyo kali zaidi. Katika ile ya kwanza, mwanamke anabaki hai akilia. Hapa Virginia Mayo anashika silaha kumtetea mpenzi wake, na risasi zinawaangusha wote wawili.