Saspensheni ya gari la michezo

Saspensheni ya gari la michezo ni jumla ya springi, shokapu, mikono ya chuma na bushi zinazounganisha magurudumu na bodi ya gari la aina hiyo. Ina kazi mbili: kubeba uzito wa gari, na kuyafanya magurudumu yashike barabara wakati wote, iwe kwenye shimo, tuta au kona. Gari la michezo hujengwa likiwa karibu na ardhi na kupewa springi ngumu kuliko za gari la familia, ili lisilale sana upande linapokata kona.

Gari hilo likizeeka huku likiendelea kutumika kila siku, saspensheni yake huchoka na kuhitaji kubadilishwa. Mwenye gari anaweza kurudisha vipuri vya kiwango cha kiwanda, kuweka vigumu zaidi, kuweka vya kurekebishika kimo, au kununua vilivyokwisha kutumika. Nchini Tanzania suala hili huhusu zaidi magari yaliyoingizwa kutoka Japani yakiwa tayari yametumika, kama vile Toyota Altezza, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na Subaru Impreza, iliyoanza kutengenezwa 1992. Kwa hali ya barabara za nchi hiyo, chaguo linalofaa kwa matumizi ya kila siku kwa kawaida ni lile lililo karibu na kiwango cha kiwanda.

Sehemu na kazi zake

Springi hubeba uzito wa gari. Ikibonyezwa na kuachiwa, springi peke yake hupanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia. Shokapu ndiyo huzima mchezo huo. Ndani yake kuna pistoni inayotembea katika mafuta; mafuta hulazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na nishati ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu huwa ya moto baada ya safari kwenye barabara mbovu.

Tofauti hii husaidia kutambua tatizo. Gari lililolala nyuma au upande mmoja mara nyingi lina springi iliyochoka au kukatika. Gari linalonesa baada ya kupita tuta lina shokapu iliyochoka. Kubadilisha shokapu hakuinui gari lililolala, na kubadilisha springi hakuzuii kunesa.

Bushi ni mipira inayokaa kwenye maungio ya mikono ya chuma. Pamoja na boljointi, huruhusu gurudumu kupanda na kushuka bila kuyumba kwenda mbele, nyuma au pembeni.

Mpangilio wa sehemu hizi hutofautiana. Impreza za mwaka 1992 hadi 2007 zina mfumo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, ambamo shokapu yenyewe ni nguzo inayoshikilia gurudumu. Altezza ina mikono miwili kwa kila gurudumu, wa juu na wa chini. Kwa hiyo shokapu iliyolegea kwenye Impreza hubadilisha pia mkao wa gurudumu, wakati kwenye Altezza mkao huo hutegemea zaidi bushi na boljointi, ambazo ni nyingi zaidi.

Mazingira ya barabara

Chalinze, katika Mkoa wa Pwani, ni mfano mzuri wa mazingira ambayo gari la aina hii hukutana nayo. Mji huo uko kwenye njia panda: barabara moja inatoka Dar es Salaam kupitia Kibaha na Mlandizi kuelekea Morogoro, na nyingine inapanda kaskazini kupitia Lugoba na Msata, kuvuka Mto Wami na kufika Segera, ambako njia za Tanga na Moshi hugawanyika. Barabara hizi ni za lami na huruhusu mwendo mkubwa, lakini hubeba pia malori mengi mazito. Uzito wao huchimba mifereji miwili kwenye lami, na gari la chini lenye springi ngumu huvutwa na mifereji hiyo kila linapotaka kulipita lori.

Kwenye vijiji kuna matuta na rasta za kupunguza mwendo. Nje ya lami, barabara za udongo na changarawe huharibika wakati wa masika na vuli. Kuelekea Bagamoyo, hewa ya bahari yenye chumvi huongeza kutu kwenye springi, nati na nyuzi za skrubu. Hivyo gari moja, katika safari moja, huhitaji uthabiti kwenye mwendo wa lami na pia nafasi ya kutosha ya gurudumu kupanda na kushuka.

Dalili za kuchoka

Dalili za kawaida ni mafuta yanayovuja kwenye mwili wa shokapu, gari kuinamisha pua sana linapofunga breki, kunesa baada ya tuta, na tairi kulika kwa mabaka. Mlio wa kugonga kwenye mashimo madogo mara nyingi hutoka kwenye bushi, boljointi, linki za stabilaiza au mauntingi ya juu ya shokapu.

Jaribio la kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuiachia hufichua shokapu iliyokufa kabisa, lakini halitoshi kuthibitisha kwamba shokapu ni nzima, kwa sababu mkono hauwezi kuisukuma kwa kasi inayosukumwa nayo barabarani. Gari la michezo lina springi ngumu, hivyo jaribio hili hudanganya zaidi.

Aina za vipuri

Vipuri vya kiwango cha kiwanda hulingana na uzito wa gari na hulinda kimo chake cha awali. Kampuni ya KYB ya Japani ni miongoni mwa watengenezaji wa shokapu za namna hii.

Shokapu za gesi huwa na naitrojeni inayozuia mafuta kutoa povu yanapopata joto. Zile zenye bomba moja hupoa haraka, ila pistoni hutembea moja kwa moja ndani ya bomba la nje. Jiwe likilibonyeza bomba hilo, pistoni inaweza kukwama. Zile zenye mabomba mawili, moja ndani ya jingine, huvumilia zaidi mawe ya barabara za changarawe.

Koilova ni shokapu na springi zilizoshikana, zenye nyuzi za kupandisha au kushusha kimo. Zinafaa kwa mashindano, ambako gari hurekebishwa kwa kila uwanja. Kwa matumizi ya kila siku, zile za bei ndogo mara nyingi huwa ngumu kupita kiasi, na nyuzi zake hujaa matope na kushika kutu.

Vipuri vilivyotumika huuzwa kwa wingi Kariakoo, Dar es Salaam. Bei yake ni ndogo, lakini mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Shokapu ya namna hiyo hukaguliwa kwa kuangalia kama fimbo yake ina vishimo vya kutu, kama kuna mafuta, na kama inasukumika kwa ukinzani ulio sawa mwanzo hadi mwisho.

Kukata springi na kuweka spesa

Njia mbili za gharama ndogo hutumika katika gereji nyingi. Ya kwanza ni kukata springi ili gari lishuke. Ugumu wa springi huongezeka kadiri idadi ya mizunguko yake inavyopungua. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikikatwa ikabaki 5, huwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi. Shokapu haikupangwa kwa ugumu huo, na nafasi ya gurudumu kupanda imekwisha kupungua, hivyo gari hugota kwenye matuta. Gurudumu likining'inia, springi iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake.

Ya pili ni kuweka spesa ili gari lipande. Spesa ikiwekwa kati ya springi na kikalio chake, shokapu hukaa ikiwa imenyooka zaidi na huwahi kufika mwisho wake gurudumu linaposhuka shimoni. Ikiwekwa juu ya mauntingi, mikono ya chuma na viungo vya ekseli hukaa kwa pembe kubwa zaidi na kulika mapema. Kwa vyovyote uzito wa gari hupanda juu, na gari huinama zaidi kwenye kona.

Tairi

Ukuta wa tairi ni sehemu ya saspensheni, kwa kuwa nao hubonyea. Tairi ya 215/45 ya ringi 17 ina ukuta wa milimita 97 hivi. Ile ya 205/55 ya ringi 16 ina milimita 113 hivi, ilhali kipenyo cha jumla kinatofautiana kwa asilimia 1 tu. Kama breki zinaingia ndani ya ringi 16, badiliko hilo huongeza ulaini na kupunguza hatari ya ringi kupinda.

Ufungaji

Shokapu na springi hubadilishwa kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, ili pande zote zifanye kazi sawa. Kwenye fedha kidogo, bushi na boljointi zilizolegea hutangulia, kwa sababu shokapu mpya haiwezi kunyoosha gurudumu linaloyumba.

Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Huondolewa kwa klampu maalumu, kamwe si kwa kamba au waya. Boliti za bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hujisokota gari linaposhushwa na kuchanika mapema. Kazi humalizika kwa alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu.

Usalama

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari husafiri mita 22 hivi kila sekunde. Gurudumu linalorukaruka kwa sababu ya shokapu mbovu haligusi barabara kikamilifu, na wakati huo breki haina cha kushika. Kwenye barabara zinazotumiwa pia na mabasi, pikipiki, mifugo na watoto wa shule, kama zile zinazokutana Chalinze, mita chache za ziada za kusimama zinaweza kuamua kama mtu atagongwa au atapona.